Muhoro Usiotiwa Moto

Mtu akikwambia woga ni tabia ya watoto, mlete kijijini Murugina nimkutanishe na Dorcas Nkunzimana. Ana miaka ishirini na tatu, ana cheti cha kidato cha nne, ana mikono ya mtu aliyekulia shambani, na mwaka jana kwa wiki nne aliogopa mpaka ugali ukawa haupiti kooni. Wiki hizo nilikuwa naye karibu kila siku na sikuona kitu. Alinisimulia baadaye, akaniruhusu niandike, kwa sharti moja tu: kwamba na ya kwangu niyaandike.

Mimi ni bwana shamba wa kata. Jina langu Ridhiwani, kwetu Handeni, na nilipopangiwa huku milimani Kasulu nilikuwa najua mahindi, mihogo na mbuzi. Migomba nilikuwa naijua kwa kuila. Wenyeji waligundua wiki ya kwanza, nilipouliza mgomba mmoja unazaa mara ngapi kabla ya kuchoka, kumbe huzaa mara moja tu. Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Nimewasamehe, lakini sijasahau.

Kata nzima ilikuwa na mimi na pikipiki moja, na pikipiki yenyewe ikipata mafuta inakosa tairi. Kwa hiyo ulipokuja mradi uliosema uwachague vijana, uwafundishe, kila mmoja apewe kaya zake za kuzitembelea, nilishukuru Mungu. Tukawapata kumi na mmoja. Tukawaita vijana wagani. Wakapewa mabuti ya mpira, simu janja ya kupigia picha majani yanayoumwa, na fulana ya kijani iliyoandikwa mgongoni: NIULIZE. Wazee wakaisoma, wakaguna. Mzee Castory, ambaye migomba yake ndiyo mikubwa kuliko yote upande wa juu wa kijiji, alimwambia Dorcas waziwazi, "Mgomba huu nimeupanda mama yako hajaolewa. Nikuulize nini?"

Vijana wengine wakijibiwa hivyo walitoa hotuba ya semina. Dorcas alichomoa muhoro wake kiunoni, akaanza kuondoa majani makavu, akapunguza machipukizi, kila shina akaliachia migomba mitatu tu, mama, binti na mjukuu basi. Baada ya saa moja shamba la Castory ulikuwa unaweza kuona upande wa pili. Mzee alizunguka mara mbili akishikashika mashina, kisha akaingia ndani akatoka na kiti. Kwake yeye kumtolea binti mdogo kiti ilikuwa sawa na kusaini mkataba.

Huo muhoro nao una habari yake. Muhoro ni panga la huku, fupi, ncha imepinda mbele kama kidole kinachoita. Ule wa Dorcas aliufua babu yake, Mzee Nsengimana, mhunzi aliyevuka kutoka Burundi mwaka sabini na mbili akiwa na nyundo mbili na mke. Majembe aliyofua yamelima nusu ya kata hii. Sasa macho yamekwisha, anaona mwanga na kivuli tu, na muhoro wa Dorcas ndio kitu cha mwisho alichokifua kabla macho hayajazima. Siku alipompa alimwambia neno ambalo wahunzi wa kwao huambiana: chuma kikishatoka kwenye maji hakirudi motoni, ukikirudisha kinasahau kazi yake. Dorcas alikuwa na miaka kumi na minane. Neno la babu yake lilimkaa.

Kwenye semina wakafundishwa mnyauko. Huu ni ugonjwa wa migomba, mbaya kweli. Jani linageuka manjano na kulegea, ndizi zinaiva kabla ya kukomaa, ukizikata ndani zina kutu, na shina ukilikata linatoa utomvu wa manjano. Hauna dawa. Tena unasafiri kwa njia rahisi kuliko zote: kwenye makali ya panga. Ukikata mgonjwa, ukaenda kumkata mzima kwa panga lilelile, umempandikiza. Kwa hiyo sheria ikawa kwamba kabla ya kutoka shamba moja kwenda jingine, makali yapitishwe kwenye jiki au kwenye moto mpaka yasishikike. Jiki ya mradi iliisha wiki ya pili. Moto upo kila jiko, nikawaambia, hamna kisingizio.

Dorcas akawa bingwa wa kuhimiza moto. Kila nyumba aliyoingia alisimama kando ya mafiga akawasimamia wenyewe waunguze mapanga yao, na asiyetaka alibembelezwa mpaka akakubali. Ila muhoro wake hakuutia moto. Aliupeleka kwenye maji, akausugua kwa sabuni ya kufulia na mchanga mpaka ukang'aa, akaufuta kwa jani. Alijiambia sabuni nayo ni dawa. Kumwuliza babu kama inaruhusiwa aliogopa, kwa sababu ilikuwa kama kumwambia chuma chake hakifai mpaka kiongezewe kitu. Kuniuliza mimi aliogopa vilevile, kwa sababu mimi nilikuwa mkali, na nilikwisha sema hamna kisingizio.

Sasa ya kwangu. Mwezi wa nne tulikagua zana. Nilitandika turubai mbele ya ofisi ya kijiji, vijana kumi na mmoja wakapanga mapanga yao. Kumi yalikuwa meusi kama matako ya sufuria. Moja, muhoro wa Dorcas, unang'aa, ungeweza kujitazamia meno. Nikauinua juu. "Tazameni!" nikasema. "Hivi ndivyo mtu anavyotunza chombo chake!" Wakampigia makofi. Dorcas akatazama chini, nikadhani ni adabu. Nina stashahada ya kilimo, jamani, nimeikalia darasani miaka miwili, na sikujiuliza chuma kinachopita motoni kila siku kimeupata wapi weupe ule.

Jumatatu moja ya mwezi wa tano Mzee Castory alimwita. "Binti, njoo unisaidie. Hizi ndizi zimeiva mapema, na mkungu wenyewe haujajaa."

Dorcas alichukua kisu cha jikoni, akapasua kidole kimoja cha ndizi. Ndani kulikuwa na doa la kahawia, kama chai iliyomwagikia kitambaa. Akakata shina, wakangoja wote wawili. Hazikupita dakika kumi, utomvu ukatoka, mzito, wa manjano. Dorcas alisema yote aliyofundishwa kuyasema: mgomba huu ukatwe chini kabisa, usihamishwe, ua dume la ile mizima, lile linaloning'inia chini ya mkungu, livunjwe kwa kijiti chenye panda na si kwa panga, makali yote yapite motoni. Castory aliitikia kila neno. Akakumbuka na machipukizi aliyopewa na wakwe zake wa Kibondo msimu uliopita, kumbe hayakuwa zawadi. Walikata pamoja.

Mambo yangeishia hapo, lakini Dorcas ana daftari. Ni mtu wa kuandika kila kitu. Alirudi nyumbani, akafungua, akaona: nyumba ya sita, Castory, tarehe nne mwezi wa tatu, asubuhi. Nyumba ya saba, Bibi Immakulata, tarehe hiyohiyo, mchana. Kati ya asubuhi na mchana kulikuwa na kijito, mchanga na kipande cha sabuni. Akahesabu mpaka mwisho wa ukurasa. Baada ya Castory alikuwa amekata kwenye nyumba kumi na tatu.

Aliniambia kwamba hapo alikaa kitandani. Nje babu yake alikuwa anaota jua na kuimba wimbo wa kanisani. Dorcas alifunga daftari akaliweka chini ya godoro, kama vile daftari ndilo lililokata.

Bibi Immakulata ni mjane mwenye ulimi mkali, analea wajukuu watatu. Migomba yake arobaini na kitu imeshuka na mteremko nyuma ya nyumba. Aliipanda marehemu mumewe, na humo ndimo watoto wale wanamokula mwaka mzima. Wakati wazee wengine wanaguna, yeye ndiye aliyesimama kwenye mkutano akasema mwacheni binti afanye kazi, nyie wa kwenu wako kijiweni wanabonyeza simu. Alimwita Dorcas mkwe wangu, kwa utani, ingawa hana mtoto wa kiume aliyebaki bila mke. Kwa huyo ndiko Dorcas alikoanza kwenda kila asubuhi kuomba moto. Huku kwetu kuomba kaa la moto kwa jirani si ajabu. Anaingia na kigae, anasalimia, "Mwakeye, Bibi," macho yake yako juu kwenye majani. Nyumbani kwao kiberiti kilikuwapo.

"Mkwe, nyumba yenu haina kiberiti siku hizi?" Immakulata aliuliza siku ya nne.

"Kimelowa, Bibi."

"Na jua hili?"

Dorcas alicheka, akaondoka na kaa lake. Alikuwa anaomba Mungu, kila siku, ombi lilelile: iwe Castory peke yake. Siku ya tisa jani moja katikati ya shamba lilikuwa limekunjika, ncha manjano. Siku ya kumi na mbili yalikuwa mashina matatu. Siku ya kumi na nne Theonest, nyumba ya nane, alimpigia simu akamwuliza mbona ndizi zake zinanukia. Ugonjwa ulikuwa unafuata daftari, mstari kwa mstari, na Dorcas ndiye peke yake aliyejua unakwenda nyumba gani kesho.

Na hapa ndipo pabaya. Nyumba kumi na moja zilizobaki zilikuwa bado hazijaonesha kitu. Zingeambiwa siku ile, zingeacha kukata ovyo, zingevunja ua dume kwa kijiti, zingekagua kila asubuhi, na nyingine zingepona. Dorcas alilijua hilo kuliko mimi. Kila siku aliyonyamaza, watu waliendelea kukata mgomba mmoja na kwenda mwingine. Alilijua, na alinyamaza, kwa sababu akifungua mdomo ataonekana mkosaji kwa Immakulata, kwa Castory aliyemtolea kiti, kwa wazee wote waliosema watoto hawa watatuharibia. Akawaza na jingine ambalo kwao halisemwi kwa sauti. Karatasi zao za uraia ziko kwenye mfuko wa nailoni juu ya dari, na bado mtu akigombana nao hakosi kusema rudini kwenu. Aliwaza babu yake akisikia neno hilo katika umri ule.

Alijaribu kuniambia mara mbili. Mara ya kwanza alinikuta naongea na simu, nikamwonesha kwa mkono angoje nje, nilipotoka hakuwapo. Mara ya pili aliniuliza, "Bwana shamba, hivi kuna sabuni inayoua mnyauko?" Nikacheka. "Sabuni? Unataka kuuosha au kuutibu?" Naye akacheka kidogo, akaondoka. Mficha uchi hazai, wanasema, lakini hakuna anayemtaja yule anayemcheka mtu anapoanza kuvua.

Kijiji hakikai bila jibu. Likapatikana. Kila Alhamisi alikuwa anakuja mnunuzi mmoja wa ndizi, mama wa Kikongo anayeitwa Claudine, kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na baiskeli yake ya kiume imefungwa magongo mawili ya kubebea mikungu. Alitokaje kambini hatukumwuliza, maana alikuwa mteja mzuri na mcheshi. Sasa wakaanza kukumbuka kwamba huyu mama anaingia shamba hadi shamba. Kwamba ugonjwa lazima umetoka kambini, vitu vibaya si vinatokaga kambini? Obedi, mwenyekiti wa kitongoji, akaniomba maelezo ya kitaalamu. Na mimi, kwa kuwa ni kweli kwamba wanunuzi wanaweza kueneza mnyauko, na kwa kuwa ilikuwa rahisi, niliandika kwenye ripoti kwamba chanzo kinachodhaniwa ni wanunuzi kutoka nje ya kijiji. Nilifurahia hata jinsi sentensi ilivyokaa.

Alhamisi iliyofuata walimkamata. Obedi alinipigia saa mbili asubuhi, niende kwa Immakulata na ripoti yangu. Nilimpitia Dorcas, kwa kuwa kaya ni yake. Njiani alisimama akainama nyuma ya kichaka akatapika. Nikamwambia tukimaliza apite kituo cha afya, malaria imerudi.

Walikuwa kama watu thelathini uani kwa Immakulata. Claudine ameketishwa chini, kitenge kimetapakaa vumbi, baiskeli imelazwa pembeni, gurudumu la nyuma limekwisha kupasuliwa kwa panga. Alikuwa anatazama mikono ya watu, si nyuso zao. Wanaume watatu walikuwa na fimbo. Mzee Nsengimana naye alikuwapo, amekalishwa kwenye kigogo, amekuja kwa kuongozwa na sauti za watu. Immakulata alisimama kando ya shamba lake, amejifunga kanga kiunoni. Alikuwa amekata mashina saba tayari, yamelala nyuma yake.

"Karatasi ya ruhusa iko wapi?" Obedi alikuwa anamwuliza Claudine. "Huna. Sasa tunakupeleka polisi. Kabla ya hapo utasema ulichoweka kwenye migomba ya watu."

"Miye sikuweka kitu, papa," Claudine alisema, sauti inakatika. "Miye ninanunuaka ndizi tu. Muniachilie, niko na batoto kule."

"Bwana shamba, wasomee," Obedi akasema.

Nikafungua karatasi. Nataka ieleweke kwamba niliogopa. Niliona zile fimbo, na niliona kwamba sentensi yangu ilikuwa inangojwa nazo. Lakini ukishaitwa mtaalamu mbele ya watu, ulimi unajisomea wenyewe. Nilisoma tarehe. Nilisoma jina la kata. Nilikuwa nimefika "chanzo kinachodhaniwa" Dorcas aliposema, "Si yeye."

Alisema kwa sauti ndogo, wa nyuma hawakusikia. Nilimwona akijaribu kusema tena, mdomo ukafunguka, hakuna kilichotoka. Watu wakaanza kunong'ona. Mmoja akasema binti anaumwa, mpeni maji. Dorcas akaona kwamba maneno hayatakuja. Alichomoa muhoro kiunoni, akapita katikati ya watu mpaka jikoni kwa Immakulata, palepale penye mafiga alipokuwa anaombea makaa, akapiga magoti, akauweka juu ya moto.

Ule weupe wote ukaanza kugeuka. Kwanza rangi ya majani makavu, halafu moshi ukaushika kwenye makali. Jiko liko wazi, kila mtu aliona.

"Ni mara ya kwanza," Dorcas akasema. Sasa sauti ilikuja, na machozi pamoja nayo. "Ni mara yangu ya kwanza kuutia moto. Nyie niliwaambia mchome, mimi sikuchoma. Nilitoka kwa Mzee Castory nikaja hapa na muhoro huu huu, nikaenda kwa Theonest, nikaenda kwa wote. Nina daftari. Nyumba kumi na tatu. Ni mimi. Mama huyu hajafanya kitu."

"Na miye sikamatake kisu," Claudine alidakia kutoka pale chini, sasa analia. "Wenye shamba njo banakata, miye ninabeba tu. Hamukuniuliza."

Kweli, hatukumwuliza. Watu thelathini, mwenyekiti na mtaalamu, hakuna aliyemwuliza huyu mama kama huwa anashika panga. Nikaikunja ripoti, nikaitia mfukoni, mkono ukabaki humohumo.

Dorcas hakuwa anamtazama Immakulata wala Obedi. Alikuwa anamtazama babu yake. Mzee alikuwa amenyoosha shingo, pua yake imeinuka, ameshika harufu ya chuma chake motoni. Aliinuka. Alitembea kuelekea kwenye joto, fimbo mbele, watu wakampisha.

"Sogokuru, mumbabarire," Dorcas akasema, akimwomba msamaha kwa Kirundi cha nyumbani. "Mlisema hakirudi motoni. Nimekiharibu."

Mzee Nsengimana alichuchumaa, akapapasa hewa juu ya mafiga, akapima joto kwa kiganja. "Muhoro uko hapa tangu lini?"

"Sasa hivi."

"Umekuwa mwekundu?"

"Hapana. Mweusi."

Akautoa kwa mpini, akaugeuza, akautemea mate. Mate yakachemka na kukauka. "Hiki hakijafanywa kitu," alisema. "Ningekilaza hapa mpaka kiwe kama nyanya, hapo kingesahau. Huu ni moto wa kupikia maharage. Mimi nilisema moto wa mhunzi, mwana wanje, mwanangu. Chuma changu kingepita hapa kila siku mpaka uzeeke ufe." Akatafuta uso wa Dorcas kwa yale macho. "Kwa nini hukuniuliza?"

Dorcas alikuwa amepiga magoti na mgongo wake umenielekea, na kwenye fulana, chini ya vumbi, bado yale maandishi ya NIULIZE yalisomeka. Sikuweza kuyatazama.

Nilifanya hapo kitu ambacho ningepaswa kukifanya mwezi wa nne. Nilisema mbele ya wote kwamba niliuona muhoro ule unang'aa nikausifu, kwamba mwanafunzi akikosea na mwalimu akipiga makofi, kosa lina wenyewe wawili. Castory aliitikia kwa kichwa taratibu. Obedi alisema, "Sasa bwana shamba, unatuambia nini?" kwa hasira ya mtu aliyekwisha andaa ushindi. Nikamwambia waokote baiskeli ya mama wa watu. Fimbo zikashuka moja moja. Theonest akaenda kwake akarudi na tairi la zamani, akalifunga bila kumtazama mtu usoni.

Claudine aliinuka akajipangusa. Alipompita Dorcas alisimama. "Petite, mdogo wangu," alisema, "miye leo niliogopa sana. Na weye?"

"Sana."

"Basi tuko bawili." Akashika baiskeli yake akaondoka bila ndizi. Hakurudi tena Murugina. Dorcas amemwulizia soko la Kasulu mara kadhaa, na kwa watu wanaopita Nyarugusu. Wengine wanasema anauza samaki wakavu ndani ya kambi. Hatuna uhakika.

Dorcas alipomwendea Immakulata na magoti yenye majivu, bibi alimwambia, "Toka shambani kwangu." Hakumwita mkwe.

Mchana uleule tulianza na daftari, Dorcas na mimi kwa miguu, nyumba ya tisa mpaka ya kumi na tisa. Ilituchukua siku tatu. Kila mlango alisimama akasema mwenyewe, sikumsaidia, alinikataza. Nyumba ya kumi mwanamume alimfukuzia mbwa. Nyumba ya kumi na nne walimpa maji na kumwambia wenzake huficha mpaka wafe. Kabla ya kila nyumba alikuwa anasimama njiani na kupumua, na mara mbili alinishika mkono wa shati kama mtoto anayepelekwa sindano. Kwa hesabu ya mwisho, kati ya zile kumi na moja ugonjwa ulitokea nne tu. Zilizobaki zilipona, nami sitasema ni kwa sababu ya zile siku tatu, lakini sina sababu nyingine.

Kwa Immakulata ulikula mashina kumi na tisa. Wajukuu wake walikula viazi miezi mingi. Alikataa mradi, alinikataa mimi, aliukata ugonjwa mwenyewe kwa mikono yake. Dorcas alikuwa anapita njia ya juu asionekane. Kila siku alipita, kila siku alitazama majani kwa mbali, na kila jani la manjano, hata lililozeeka tu, lilimrudishia woga ule.

Mwezi wa kumi na mbili, mvua imekwisha shika, mjukuu mkubwa wa Immakulata alikuja ofisini na ujumbe kwamba bibi anamtaka Dorcas, aje na chombo chake. Nilimsindikiza. Muhoro wake ulikuwa kiunoni, mweusi kama chungu.

Immakulata alikuwa amekaa jikoni kwenye kigoda. Nyuma yake, pale palipokuwa na mashina yaliyokatwa, kulikuwa na machipukizi mapya, mazima, marefu kufika kiunoni, mengi kupita kiasi, yanasongana. Yalihitaji kupunguzwa na mtu anayejua. Dorcas alisimama mlangoni. Alifungua mdomo amsalimie, lakini bibi alikuwa ameshaokota ukuni, anausukuma katikati ya mafiga, ambako moto ulikuwa unawaka wenyewe bila sufuria juu yake.

"Umechelewa," alimwambia. "Kuni zinaisha."